Swali la 23 limefutwa, hofu yake bado ipo

Mwaka 2016 nilikaa mezani na familia moja ya Kikongo nchini Marekani tukijaza FAFSA, fomu ya kuombea ruzuku na mikopo ya chuo kutoka serikali kuu. Mama anasoma karatasi za kodi kwa sauti, kijana wake wa miaka 20 anachapa. Walipofika swali la 23, lililohusu hatia ya dawa za kulevya, kijana akanyamaza. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametozwa faini kwa kukutwa na bangi kidogo. Akafunga kompyuta. Akasema kazi ya ghalani inamtosha kwa sasa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba swali lile halikumhusu. Liliuliza kosa lililotendeka wakati mtu tayari anapokea fedha hizo, naye hajawahi kupokea hata senti. Tulipolisoma tena kwa utulivu, yeye alikuwa ameshatoka nje.

Sheria iliyoleta swali hilo ilipitishwa mwaka 1998 kwa msukumo wa mbunge Mark Souder wa Indiana. Kukutwa na dawa mara ya kwanza kulikunyima msaada mwaka 1, mara ya pili miaka 2, mara ya tatu bila kikomo. Kwa kuuza, adhabu ilianzia miaka 2. Mwanzoni hata makosa ya kabla ya chuo yalihesabiwa. Bunge lililegeza hilo mwaka 2006.

Walioitetea hawakuwa watu wa kubezwa. Hoja yao ni kwamba fedha ni za mlipa kodi, na anayezipokea ana wajibu wa kujiheshimu. Tena waliacha mlango wazi: ukimaliza matibabu yanayotambuliwa na kufaulu vipimo viwili vya kushtukiza, unarudishiwa haki yako. Mzazi aliyewahi kumpoteza mtoto kwa dawa anaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Lakini iangalie adhabu ilimwangukia nani. Mtoto wa tajiri akikamatwa, baba analipa ada na masomo yanaendelea. Aliyeumia ni yule ambaye bila ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, hawezi kusoma. Na aliyewahi kufungwa kwa wizi wa kutumia silaha hakuulizwa lolote kwenye fomu ileile. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikadiria mwaka 2005 kwamba karibu watu 20,000 kwa mwaka walikuwa wakikosa ruzuku hiyo kwa sababu ya sheria hii. Waliofunga kompyuta wenyewe kwa woga hawamo katika hesabu hiyo. Kwangu mimi, hapo ndipo mizani inapolala: sheria ilitaka kumtoa kijana kwenye dawa, ikamtoa kwenye darasa.

Desemba 2020 Bunge liliifuta, na swali likatoweka kabisa kwenye fomu ya 2023–24. Bado vipo vya kuangalia. Sheria nyingine, ya 1988, inampa hakimu uwezo wa kumnyima mtu aliyetiwa hatiani kwa dawa baadhi ya mafao ya serikali, na vyuo vingine huuliza rekodi ya jinai kwenye maombi yao wenyewe. Kwa sisi wahamiaji kuna kubwa zaidi: asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), anaweza kufukuzwa nchini kwa hatia ya dawa, isipokuwa kosa moja la bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Bangi kuruhusiwa kwenye jimbo lako hakubadilishi sheria ya uhamiaji. Kabla ya kukubali kosa ili kesi iishe haraka, muone mwanasheria wa uhamiaji.

Na kwa waliokata tamaa miaka ile: FAFSA haina ukomo wa umri. Aliyefikisha miaka 24 haulizwi tena kipato cha wazazi. Kijana wa ghalani ameshaupita umri huo, na jioni moja inatosha kuijaza fomu.