Aivi Siyo Mtu

Mwenzangu ninayepanga naye kashasambaza stori kwa maneno yake kwenye kila grupu, na leo asubuhi hadi muuza chapati kaniuliza, "Aivi hajambo?" Basi nisikilizwe na mimi mtuhumiwa.

Aivi ni ua. Lile la kutambaa, majani yenye ncha tano. Nilipewa kijitawi tu, nikakiweka kwenye glasi ya maji hadi kikatoa mizizi, nikalea mwenyewe. Nimemtundika karibu na dirisha, apate mwanga bila kuunguzwa na jua, na simwagilii mpaka udongo wa juu ukauke. Sasa Februari hii Arusha ilivyokauka, majani yakapata vidoadoa na utando kama wa buibui. Utitiri. Tiba ya kwanza ni kumuogesha, hasa chini ya majani, maana ndiko wanakojificha.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaingia naye bafuni. Nilichosahau ni kwamba siku hiyo jumuiya inasali kwetu.

Mwenzangu akawafungulia. Watu kumi na wanne, rozari mkononi, kimya. Mlango wetu wa bafu ni mwembamba, hata mtu akipiga mswaki unamsikia.

Na mimi huwa naongea na maua. Msinitazame hivyo, na wewe unayeongea na kuku wako tunakujua.

Walichosikia, kwa ushahidi wa mwenzangu ambaye angeweza kugonga na hakugonga:

"Aivi, tulia basi, maji si ya baridi."

Shwaaa.

"Geuka nikuoshe na huku nyuma."

Shwaaa.

"Ona ulivyokonda, mama. Ukipona nakuhamishia chumbani kwangu."

Nikafungua mlango. Kaptula, kifua wazi, povu kwenye nyusi. Macho ishirini na nane. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Tumsifu Yesu Kristo."

Aliyeitikia ni mtoto mmoja tu.

Mwenyekiti, mzee wa watu, akakohoa. "Kijana, hatukuja kuhukumu. Mwambie na binti avae, atoke tusali wote."

"Mzee, hakuna binti."

"Aivi," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi.

Nikarudi bafuni, nikamtoa Aivi. Chungu nilikuwa nimekifunga taulo langu udongo usimwagike, kwa hiyo alitoka kajifunga taulo kifuani. Nikamnyanyua juu kama kombe la mashindano, maji yakitiririka kwenye zulia. "Huyu hapa!"

Mama mweka hazina akainuka taratibu. Akanipita. Akachungulia bafuni. Akachungulia nyuma ya mlango. Akafunua pipa la maji, akainama, akatazama ndani. Akarudi, akakaa, akamnong'oneza jirani yake: "Katokea dirishani."

Jamani, dirisha la bafu letu ni saizi ya daftari!

Tukasali. Jumatatu mikono ikaniwasha na kutoka vipele, kwa sababu nilimpunguza matawi bila glovu na utomvu wake unawasha. Nesi akauliza nimeshika nini, nikasema Aivi, akaweka kalamu chini. Aivi anaendelea vizuri, ana jani jipya.

Jana mwenyekiti kapiga simu. Mafundisho ya ndoa yanaanza mwezi ujao, kaniandikia nafasi mbili.