Wasia wa mali tunao, wasia wa matibabu je?

Shangazi yangu alikufa akiwa amefungwa mkono. Haukuwa ukatili. Muuguzi alimfunga kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda asiung'oe tena mpira wa puani, na alimfunga taratibu, huku akimwomba radhi. Hina ya vidole ilikuwa haijafifia. Kansa ya ini ilikuwa imefika mwisho, na wiki tatu kabla ya hapo, akiwa na akili zake zote, alituita chumbani kwake Majengo akatuambia: "Wanangu, mimi sitaki mipira tena. Nikizidiwa niacheni humuhumu ndani, mnisomee Yasini." Tulisikia sote. Usiku alipozidiwa, ami yetu mkubwa akapiga simu kutoka Muscat: mpelekeni hospitali, fanyeni kila kitu. Hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha daktari, wala ubavu wa kumpinga ami.

Ami hakukosea kwa kumpenda dada yake. Ninalouliza ni kwa nini neno la mgonjwa lilizidiwa nguvu na simu.

Marekani walianza kulijibu swali hili kwa sheria mwaka 1976, California ilipomruhusu mtu kuandika mapema kwamba mashine zisitumiwe kumrefushia kufa. Baadaye ikaonekana maandishi hayo hayatoshi. Ambulensi ikifika nyumbani, wahudumu hawana nafasi ya kukaa kufasiri matakwa ya mtu. Wao hufuata maagizo ya daktari. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990 Oregon wakabuni fomu ya rangi ya waridi iliyokolea, ambayo daktari huitia saini baada ya kuzungumza na mgonjwa aliye dhaifu sana. Moyo ukisimama, akandamizwe kifua au aachwe? Alazwe chumba cha wagonjwa mahututi, au atulizwe maumivu tu? Maandishi ya awali yalieleza matakwa. Fomu hii ni agizo la tiba, na muuguzi hulifuata kama afuatavyo maagizo ya dawa.

Kenya hatuna fomu hiyo, lakini si kweli kwamba sheria imenyamaza. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinaeleza nani aidhinishe tiba ya mgonjwa asiyeweza kusema. Wa kwanza ni mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka kwa maandishi. Jamaa wa karibu anaingia pale tu ambapo mtu wa namna hiyo hayupo. Kwa mpangilio huo, ukurasa mmoja ulioandikwa na shangazi na kumtaja binti yake ungetangulia simu ya Muscat. Nimewauliza watu wengi mjini, wakiwamo wanaofanya kazi wodini, na sijakutana na aliyewahi kuiona barua kama hiyo ndani ya faili.

Ugumu unaanza mbele kidogo. Kifungu hichohicho kinaruhusu kutibu bila idhini kwa sababu mbili zinazokaribiana. Ya kwanza ni dharura, basi, bila sharti lingine. Ya pili ni pale ambapo kuchelewa kunaweza kuua au kuleta madhara yasiyorekebishika, na hapo sheria inaongeza: mradi mgonjwa hakuikataa huduma hiyo, iwe waziwazi, kwa ishara au kwa mwenendo wake. Sababu moja inaheshimu kukataa kwa mgonjwa, nyingine haikutaji. Daktari wa zamu saa tisa usiku ashike ipi? Tena kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo ikiwa kwa kutenda au kwa kutotenda ameharakisha kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungemuua vilevile. Simlaumu daktari anayeamua kutia mpira kuliko kuja kujieleza mbele ya hakimu.

Upo upande wa pili, na hoja yake iliyo nzito kuliko zote si ya kisheria. Ni umaskini. Fikiria baba wa Kisauni ambaye figo zimekufa. Kiwanja kimeshauzwa, kikundi cha WhatsApp cha mchango kimenyamaza, na binti ana karo ya muhula. Akisema "niacheni nipumzike", huo ni uamuzi wake au ni bili inayosema kwa kinywa chake? Mpe fomu, ataitia saini kwa roho safi kabisa ili asiwe mzigo kwa wanawe. Anayesema kwamba fomu hizi zitageuka mlango wa nyuma wa kuwaondoa maskini vitandani hasemi upuuzi. Hata Marekani, Chama cha Madaktari Wakatoliki kilitoa waraka mwaka 2013 kikizipinga fomu za aina hii.

Kuna pia mtu anayekataa tiba kwa sababu ya maumivu. Uganda waliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ili imfikie mgonjwa wa kijijini. Sisi tuna Sera ya Tiba Shufaa ya 2021 hadi 2030, inayotaka huduma ya kutuliza maumivu ifike mpaka ngazi za chini. Lakini wa Likoni anayepiga kelele usiku kwa maumivu bado huvushwa feri kutafuta nafuu. Mtu wa namna hii ukimuuliza kama anataka kuendelea kuishi, unamuuliza swali ambalo maumivu yameshalijibu. Kwangu mimi mofini itangulie fomu, na hapo nawaunga mkono wapinzani bila kusita.

Ninapoachana nao ni wanaposema kwamba dini imelifunga jambo hili. Mombasa hoja hiyo husemwa kwanza, na mara nyingi humaliza mazungumzo. Ni kweli tumeamrishwa kutafuta dawa, na kuua kwa huruma ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini ipo hadithi katika Bukhari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwomba Mtume amwombee dua. Akapewa hiari: akisubiri atapata Pepo, akitaka ataombewa apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Wapo wanazuoni wanaoichukua kuwa dalili kwamba kutibiwa si wajibu kila mara. Mwaka 1986 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sheria ya dini, katika kikao chake cha Amman, iliruhusu mashine ziondolewe ubongo unapokufa kabisa. Mwaka 1988 maulamaa wa Saudia wakatoa fatwa kwamba madaktari watatu waaminifu wakikubaliana kuwa matumaini yamekwisha, si lazima mgonjwa afufuliwe kwa mashine. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII alisema mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia za kupita kawaida ili kurefusha maisha. Yote haya yanatofautisha kuua na kuacha mauti yaje.

Wengine husema basi tumwachie kadhi. Haiwezekani. Ibara ya 170 ya Katiba inamwekea mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ushauri wake kwa familia una thamani kubwa, lakini hukumu kuhusu mashine ya kupumulia haimo mikononi mwake.

India wana funzo la kutusaidia. Mahakama yao ya Juu iliruhusu maandishi ya namna hii mwaka 2018, ila kwa kuogopa hila ikadai yatiwe saini mbele ya hakimu. Ni wagonjwa wangapi wanaweza kwenda kwa hakimu? Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikalegeza, saini ya mthibitishaji wa nyaraka ikatosha. Ulinzi ukizidi, karatasi inabaki kuwa ya wenye mawakili.

Kwa hiyo naona tusianze na fomu ya Oregon. Tuanze na barua ambayo kifungu cha 9 kimeshaitaja: mgonjwa amtaje mtu wa kumsemea, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi. Agizo la daktari la kutofufua lije baadaye, liandikwe tu baada ya mgonjwa kupatiwa dawa ya maumivu na kuulizwa faraghani, mbali na jamaa na mbali na karani wa bili. Na Bunge lilirekebishe neno "dharura" lisifute kukataa kulikokwisha kuandikwa.

Tumefundishwa kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia ulioandikwa. Tunaandika nyumba, minazi na madeni. Mwezi uliopita niliandika ukurasa wangu, nikamtaja dada yangu, nikaupeleka kliniki ninakotibiwa presha. Karani aliusoma wote, akafungua faili, akaniuliza uwekwe sehemu gani. Hakukuwa na sehemu. Tukaubana kwa stapla nyuma ya nakala ya kitambulisho.