Fashola: Wakili Aliyeitawala Lagos kwa Vifungu vya Sheria

Mwaka 2012, Babatunde Fashola, wakati huo gavana wa jimbo la Lagos nchini Nigeria, alishuka kwenye msafara wake na kulizuia gari la kanali wa jeshi lililokuwa likipita kwenye njia ya mabasi yaendayo haraka. Wanaomsifu hupenda kuanzia hapo, na wana haki: katika nchi iliyotawaliwa na wanajeshi hadi 1999, raia kumsimamisha kanali hadharani na kumdai maelezo si jambo dogo.

Huyu alikuwa wakili tangu 1988, akapewa hadhi ya Wakili Mwandamizi wa Nigeria mwaka 2004 akiwa mkuu wa ofisi ya gavana Bola Tinubu, kisha akaongoza jimbo kuanzia 2007 hadi 2015. Mabasi hayo, yaliyoanza 2008, ni matunda yake. Ebola ilipoingia Lagos Julai 2014, Nigeria nzima iliishia na wagonjwa 20 na vifo 8. Sifa hiyo, hata hivyo, ni ya madaktari na wauguzi kwanza, ndipo ya wanasiasa.

Lakini mkono uliomzuia kanali ndio uliowashukia wanyonge. Mwaka huohuo wa 2012, sheria mpya ya usalama barabarani iliwafungia waendesha okada, yaani bodaboda, barabara 475. Huko Makoko, wavuvi wanaoishi katika nyumba za nguzo juu ya maji walipewa saa 72 wahame, kisha misumeno ikaanza kukata nguzo. Watetezi wake husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sawa, ila kanali alibaki na makazi yake.

Kwangu mimi, kipimo kizito zaidi ni daraja la Lekki hadi Ikoyi, lililofunguliwa 2013 kwa watu kulipia wanapovuka. Mwezi Machi 2014, katika kesi iliyofunguliwa na wakili mwenzake, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba tozo hiyo haikuwa na sheria ya kuihalalisha. Serikali ya jimbo ilikata rufaa, jambo ambalo ni haki ya kila mdaiwa, na wakati rufaa ikisubiriwa, wahudumu wa vibanda vya darajani waliendelea kupokea fedha za wenye magari.