Anko, Nusu Saa Tu

Mpwa wangu akinipigia shikamoo moja, anataka hela ya kula. Jumamosi ile alipiga mbili. Nikakaa kabisa kwenye kiti.

Yuko chuo, mwaka wa pili, anasomea uhasibu, ila siku hizi ni msanii. Ametoa wimbo, sasa anataka video. Bajeti yake ni bumu lililobaki baada ya kununua miwani.

"Anko, tunaomba IST yako tu. Nusu saa. Mimi naegemea pale kwenye boneti, basi."

Gari lile ndilo linalonilipia kodi ya nyumba. Nikakubali kwa sharti moja: naendesha mwenyewe. Hapo ndipo nilipojiloga.

Nusu saa ya wanafunzi ilianza saa mbili asubuhi. Nimezunguka kutoka Tabata mpaka Sinza nikiokota watu, na gari la watu watano likapakia wanane: mimi, msanii, dairekta, mpiga kamera, video kwini, mdogo wake aliyetumwa na mama yao amchunge, kijana wa spika, na mwingine ambaye kazi yake sijaijua mpaka leo, ila chipsi alikula.

Dairekta mwenyewe mdogo kuliko viatu vyangu. Kamera ya kuazima, lakini akisema "Kata!" utadhani analipwa kwa neno. Nikamuuliza droni iko wapi, maana video zote siku hizi zina droni. Akasema droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo mpiga kamera atapanda juu. Juu ya nini? Nikasikia bati la gari langu linajibu: bwuu!

Tumefika Coco Beach saa saba, jua limesimama utosini. Mtu wa kushika taa hakutokea. Wakafungua buti, wakatoa lile karatasi langu la fedha la kukinga jua kwenye kioo, wakanikabidhi. "Anko, mmulike usoni, usitikisike." Nimesimama hapo kama antena. Nikijikuna, "Kata!" Nikipiga chafya, "Kata!" Muuza mihogo akaniuliza kwa upole kama nimekosa kazi.

Kisha wakawasha wimbo. Ndugu zangu, spika ikaanza kulia kama kasuku mwenye homa, na mpwa wangu naye anaimba mbio mbio, mdomo unakwenda kama cherehani. Nikatupa karatasi nikamkimbilia. Nilijua kapandisha. Kumbe ni ufundi: wimbo unapigwa kasi mara mbili, kamera inachukua picha 50 kwa sekunde, halafu kwenye kompyuta wanazirudisha 25. Mdomo unafuata wimbo vizuri, ila nguo na nywele zinapepea taratibu kama ndotoni. Sawa, nimeelewa. Lakini si ungeniambia mapema, mtoto wa dada, kabla sijaanza kukusomea dua mbele za watu?

Saa tisa dairekta akafungua daftari. Onesho kubwa: msanii ameegemea gari, nyuma yake jua linazama baharini.

"Bahari ipi?" nikamuuliza.

"Hii hapa, anko."

"Hii iko mashariki, baba. Humo jua linachomoza. Kuzama linazama kule, Ubungo."

Akaitazama bahari. Akaitazama Ubungo. Akafunga daftari. "Tutageuza kwenye kompyuta."

Hata hivyo gari likatakiwa lishuke mchangani, karibu na maji. Yule yule muuza mihogo akasema, "Mzee, leo mwezi kumi na tano. Bamvua hii. Saa kumi maji yatakuwa hapo uliposimama." Mimi nikasita. Dairekta akasema dakika tano tu. Na mimi, mtu mzima na ndevu, nikamsikiliza mtoto wa miwani nikamwacha mtu anayekaa na bahari kila siku.

Mawimbi yalianza kwa heshima, yakalamba tairi moja. Nikawasha, nikarudi nyuma. Tairi likazunguka, likachimba, likakaa. Video kwini kavua viatu, kawa wa kwanza kukimbia, mdogo wake nyuma anapiga simu kwa mama. Vijana wa pale ufukweni wakatokea kumi hivi, wakataka elfu hamsini. Nikasema ishirini. Wimbi likapiga mlango. Nikasema hamsini.

Nimekunja suruali mpaka magotini, nasukuma, naimba "harambee!" na tumbo nje. Nageuka, namwona mpiga kamera kachuchumaa pembeni, jicho moja limefumbwa.

Video imetoka wiki iliyopita. Kuegemea kwa mpwa wangu kumekatwa kote, kunaonekana sekunde mbili. Kiitikio kizima ni mimi, taratibu, picha 25 kwa sekunde, shavu linatikisika kwa zamu na tumbo. Wateja wananitambua. Jana abiria mmoja kakaa mbele, kanitazama wee, kisha kaniambia, "Harambee!"

Jana hiyo hiyo usiku simu ikaita. Shikamoo ya kwanza. Shikamoo ya pili. Wanafanya remiksi, kuna eneo zuri sana Kigamboni.

"Marahaba," nikasema. "Mwezi uko wa ngapi?"