Mtoto Mdogo Awindishwe Karibu na Nyumbani

Mtoto wa miaka mitatu ni mwindaji tayari. Mwache uani penye mjusi uone. Atanyata, atabana pumzi, ataruka na viganja vyote viwili, na mjusi akimponyoka ataanza upya palepale. Hamu hiyo hakufundishwa na mtu. Kinachohitaji mkono wa mzazi ni mahali pa kuipeleka, na hapo ndipo wengi wetu hapa Malindi tunapozembea. Tunamkalisha na simu ili atulie, au tunamwacha akue kidogo ajichongee manati, halafu tunalalamika kwamba ndege wa mtaani wamekwisha.

Nina binamu anayeishi Pennsylvania, Marekani, ambako kwenda kuwinda na mtoto ni jambo la kawaida kabisa. Baba humchukua mwanawe wakatafute kindi na sungura kwa leseni, katika msimu uliotangazwa, kwenye misitu ya umma, wamevaa rangi ya machungwa makali ili mwindaji mwingine awaone kwa mbali. Bunduki zao si hoja yangu. Nilichokishika katika maelezo yake ni jinsi wanavyochagua mahali. Siku ya kwanza mtoto hapelekwi kumvizia kulungu, kwa sababu kulungu anataka kimya cha saa nyingi na mtoto hana kimya hicho. Anapelekwa kwa kindi. Kindi ni wengi, wanaonekana mchana, mtu anaweza kukaa chini ya mti akala mkate wake na kunong'ona, na gari liko karibu. Mtoto akichoka, wanarudi nyumbani na wala hawaoni kuwa siku imepotea.

Kwetu bunduki haimo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, ingawa najua iliwauma Wasanye, jamii ya wawindaji wa jadi, ambao walikuwa wakisoma nyayo za bara ya Malindi kabla mipaka ya hifadhi haijachorwa. Msitu tuliobakiwa nao ni mdogo. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na huo ndio mkubwa kuliko vipande vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Tanzi la waya likitegwa humo halichagui. Linamnasa paa, linamnasa pia mnyama ambaye karibu hapatikani kwingine duniani. Lakini sikubali kwamba kuua kulipokatazwa, na kuwinda kote kulikatazwa. Kutafuta dalili, kunyamaza, kujua upepo unatoka wapi, kungoja, kumwona mnyama na kumtazama mpaka macho yashibe: yote hayo ni halali, na mtoto anayaweza.

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, mimi naanza na bahari iliyopwa. Windo liko miguuni, hakuna kichaka cha kumficha nyoka, na mtoto akichoka unambeba mgongoni hadi mchangani. Cha muhimu ni kuijua kalenda ya maji. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, wakati ambapo mtoto ameshakunywa chai na jua halijafika utosini. Siku za maji mafu usijisumbue, mwamba hautoki vya kutosha. Ingieni kama saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na yakianza kurudi nanyi geukeni, hata kama mtoto analia kwamba bado. Maji ya bamvu hurudi kwa kasi, na huanza kujaa kwenye mifereji iliyo nyuma yako kabla hujayaona mbele.

Mayungu, kusini mwa mji, binti yangu alimkuta mzee mmoja mvuvi wa pweza akipita mwambani na chuma chake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watafuta nini?"

"Pweza."

"Basi usitafute pweza. Tafuta jaa lake."

Akamwonyesha tundu lisilozidi kikombe cha kahawa. Mbele yake palikuwa na rundo dogo la magando ya kaa na makombe matupu. Mzee akaokota kombe moja na kulifungua: ndani bado lilikuwa jeupe, linang'aa, halijaota ukijani hata kidogo. "Anakula ndani, anatupa nje. Jaa likiwa jipya, mwenyewe yumo." Tukachuchumaa sote watatu. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kisha kile nilichodhani ni jiwe kikabadilika rangi, kahawia ikawa kijivu, na jicho likachomoza taratibu na kututazama. Binti yangu aliniminya mkono hadi kucha zikaingia. Mzee alisema huyo bado mdogo, akachukua chuma chake akaenda zake. Tangu siku ile mtoto huyu hapiti mwambani bila kutazama chini, na ameshajua kutofautisha jaa jipya na jaa kuukuu kuliko mimi.

Hayo ndiyo mafunzo ninayoyataka. Mchangani pia yapo. Kwenye mchanga uliotoka kuachwa na maji utaona vidonge vidogo vya mchanga vimetawanyika kuzunguka tundu. Ni kazi ya kaa wadogo wanaochuja chakula chao kwenye mchanga na kuufinyanga uliobaki. Mwambie mtoto afuate vidonge hadi mlangoni, kisha akae kimya ahesabu polepole. Akitikisa mguu, kaa harudi. Hakuna mwalimu atakayemfundisha kutulia vizuri kama huyo.

Kuhusu usalama sina mzaha. Mtoto avae raba zilizofungwa, si ndara, kwa sababu miiba myeusi iliyojificha kwenye mianya ya mwamba haisamehi, na kuna samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe kabisa. Mkono hauingizwi tunduni. Konokono wa baharini mwenye umbo la koni, hata awe na madoa ya kupendeza namna gani, haokotwi, maana ana mshale wa sumu unaoweza kumwua mtu mzima. Nyumbani kwetu sheria ni moja: kila kitu hutazamwa, hakuna kinachobebwa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hiyo ni sheria ya nchi pia. Kombe tupu nalo huachwa, kwa kuwa kuna kaa anayelingoja lawe nyumba yake.

Mtoto akishaweza kutembea nusu saa bila kudai kubebwa, mpelekeni Gede, kwenye magofu ya mji wa kale. Watu wengi huyajua magofu kwa historia yake, na historia ni nzuri, lakini kwa mwindaji mdogo hazina nyingine ni msitu ulioota juu ya mji ule. Njia ni tambarare, zimefagiwa, kivuli kimetanda, na hakuna ndovu. Humo wamo sange, wale wenye kiraka cha dhahabu kiunoni. Ni mnyama wa uzito wa nusu kilo hivi, ana miguu myembamba kama ya paa na pua ndefu anayoipindapinda akifukua majani kutafuta wadudu na nyungunyungu. Mchana ndio wakati wake wa kazi, jambo la bahati kwa wenye watoto. Msikilizeni kwanza. Msitu ukiwa mkavu utasikia majani yakikwaruzwa, mkwaruzo wa haraka unaokoma ghafla kisha kuanza tena. Simameni hapo hapo. Akiwashtukia hupigapiga mkia chini, halafu mtaona kile kiraka cha manjano kikikata kona. Wataalamu wanasema ngozi ya chini ya kiraka hicho ni nene kuliko ya sehemu nyingine, na rangi yake humvuta adui aume hapo badala ya kuuma shingo. Mtoto wangu wa kiume ameikumbuka habari hiyo kuliko majina ya masultani.

Chakula kifungeni vizuri mkobani, maana kima wa Gede wanajua ndizi ilipo kabla yenu. Na palepale uwanjani kuna Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993, ambapo wanakijiji wa kandokando ya msitu hufuga viwavi hadi wajifunge ndani ya maganda, yaani pupa, na kuuza pupa hizo ng'ambo. Kwa asiyeweza hata kutembea, kuketi ndani ya nyumba ya vipepeo na kungoja mmoja atue mkononi ni uwindaji tosha.

Arabuko-Sokoke wenyewe ni mzuri zaidi, na ndiyo maana nasema usubiri. Kuna ndovu, njia ni ndefu, na bila mwongozaji wa pale utazunguka uone miti tu. Mtoto wa miaka minane akishapata uzoefu wa Gede ataufaidi. Akipelekwa na mitano, atakumbuka kiu.

Hori ya Mida, yenye mikoko, ni kituo changu cha katikati. Daraja la mbao linaloning'inia kwenye mikoko linawafikisha hadi ukingoni bila kutia mguu topeni, na maji yakipwa tope lote hapo chini linakuwa soko. Kaa dume wenye gando moja kubwa kupita mwili wanalipunga kuita majike na kutishana, na kuanzia Septemba hivi hadi Aprili wanakuja ndege wahamaji kwa makundi kula kilichoko. Daraja linayumba kidogo, kwa hiyo mdogo ashikwe mkono. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kulipita, na jambo hilo linaniuma kila nikienda.

Mdomo wa mto Sabaki watu wananiuliza sana, kwa sababu ni karibu na mji na kuna ndege wa kila namna. Jibu langu kwa wenye watoto wadogo ni hapana. Kuna viboko na kuna mamba. Mtoto mdogo hukimbia mbele yako, na kiboko anayerudi majini hampishi mtu. Wasubiri wakue, kisha waende na mwenyeji anayejua wanyama wamelala wapi siku hiyo.

Nirudi kwenye manati. Mzazi mwenzangu, kumnyang'anya mtoto manati na kuyachoma hakusaidii kitu ikiwa huna cha kumpa badala yake. Atayachonga mengine kesho kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mtoto wa manati ana jicho na ana subira. Amemvizia chiriku nusu saa nzima nyuma ya mnazi. Huyo ndiye wa kupelekwa mwambani. Mpe kazi ngumu: atafute jaa la pweza lenye makombe mapya, amfikie kaa hatua tatu bila kukimbiwa, amwone sange kabla sange hajamwona yeye. Kinachobaki ni mzazi kuamka Jumamosi.

Au niseme kilikuwa kinabaki hicho tu, kabla njia hazijaanza kuzibwa. Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mwamba ni wetu sote. Lakini uchochoro niliopita na watoto wangu kwa miaka kufika ufuoni sasa una ukuta, na mlinzi ametuelekeza tuzunguke njia nyingine, ambayo kwa mtu mzima ni mwendo wa dakika ishirini kwenye jua. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni safari ya kumaliza nguvu kabla bahari haijaonekana. Mwenye gari la kukodi hapungukiwi na kitu. Anayekosa ni mtoto wa mtaa, ambaye bahari ilikuwa uwindaji pekee usiomgharimu nauli wala tiketi.

Ninachoomba kwa kaunti si kikubwa. Njia za umma za kwenda baharini, kuanzia mjini hadi Mayungu na Watamu, zipimwe upya, ziwekewe mawe ya mipaka na vibao vinavyosomeka, ziwe na upana wa kumpitisha bibi mwenye mkongojo na mtoto mwenye kiti cha magurudumu. Kila mwisho wa njia pawe na choo na kivuli, hata cha makuti. Na wazazi wa mtaa mmoja, tukutane siku za bamvu twende pamoja na watoto wote, wa mwenye nafasi na wa asiye nayo. Njia inayopitwa na watoto thelathini kila bamvu ni vigumu mtu kuja kudai kwamba haikuwahi kuwepo.