Anayelima Kiambu, anayekunywa Malindi: nani alipie kinamasi?

Mto Nairobi huanzia Kikuyu, kaunti ya Kiambu, katika kinamasi cha Ondiri. Ukikikanyaga, ardhi hubonyea na kutikisika kama godoro, maana unasimama juu ya mizizi na mabaki ya mimea yanayoelea majini. Mimea ikifia humo haiozi ikaisha, kwa kukosa hewa. Hurundikana karne baada ya karne na kuwa mboji nyeusi. Maji yanayotoka hapo bado yana sura ya maji. Yakifika barabara ya Kirinyaga katikati ya Nairobi, mwendo usiofika kilomita 30, hakuna atakayethubutu kunawa nayo.

Wanaotaka nchi na kaunti zishirikiane kurudisha maji katika vinamasi vilivyokaushwa wana hoja nzito. Ardhi ya mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini imebeba karibu theluthi ya kaboni yote iliyo udongoni. Ukiichimbia mitaro, hewa inaingia, mboji inaoza, kaboni inapanda angani na naitrojeni iliyokuwa imefungiwa humo inateremka mtoni. Machi 2019, Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipokutana Gigiri, Nairobi, lilipitisha azimio la kuzihifadhi ardhi hizo. Gigiri na Ondiri ziko pande mbili za jiji moja, ila sijui kama habari zilivuka Westlands.

Ushahidi wao bora uko kaskazini mwa Rwanda. Kinamasi cha Rugezi hulisha maziwa ya Burera na Ruhondo, na maziwa hayo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Rugezi ilipochimbwa mitaro ili ilimwe, maji ya maziwa yalishuka, na kufikia 2004 Rwanda ilikuwa ikichoma dizeli ya bei ghali ili taa ziwake. Serikali ikapiga marufuku kilimo humo, Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2005, na miaka michache baadaye Ntaruka ikapata nguvu tena. Maji hayo huishia Akagera, kisha Ziwa Victoria. Kwa hiyo hata mvuvi wa Homa Bay ana hisa yake Rugezi, japo hakuna aliyemwuliza.

Lakini kisa hiki tusikisimulie nusu. Miaka ile mvua nazo zilikuwa haba, na mtambo wa Ntaruka wenyewe haukuwa umetunzwa ipasavyo, kwa hiyo kinamasi hakiwezi kuchukua sifa zote. Walioondolewa walikuwa watu wa vishamba vidogo, waliotegemea kinamasi kwa chakula na malisho. Na Rwanda hiyohiyo imejenga mitambo ya umeme inayochoma mboji, Gishoma na Gisagara. Silisemi hilo kwa kejeli: nchi isiyo na mafuta hutazama kilicho chini ya miguu yake.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hulipita mbio. Shamba la mboji lililotiwa mbolea miaka mingi likirudishiwa maji, fosforasi huachia na kutiririka, na gesi ya metheni huongezeka. Miaka ya mwanzo maji yanaweza kuwa mabaya kuliko yalivyokuwa. Faida huja, ila huja polepole, na gavana ana miaka 5 tu kabla ya kurudi kwa wapiga kura.

Kwa Nairobi, wapinzani wana hoja rahisi zaidi: uchafu wa mto hautoki Kikuyu. Unatoka kwenye mabomba ya majitaka yaliyopasuka, viwandani, kwenye magereji, na katika mitaa isiyounganishwa na mfumo wa maji machafu. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alianza na kingo za mto mjini, na watu waliona tofauti. Iponyeni Ondiri yote kesho, wasema, na Korogocho harufu itabaki ileile.

Wana haki, lakini wamesahau kiangazi. Kinamasi ndicho kinachoupa mto maji mvua zikikatika. Kikinyonywa na pampu za mashamba, kinachopita mjini Februari ni majitaka matupu, na hakuna usafishaji wa kingo utakaoyageuza kuwa mto.

Mimi kinachonisumbua ni bili. Nairobi haiunywi mto wake. Maji yake mengi hutoka Ndakaini, bonde la Tana, na ndiyo maana ulipozinduliwa mwaka 2015 mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, kampuni za mjini zilikuwa na sababu ya kuwachangia wakulima wa milimani wazuie mmomonyoko: faida ilikuwa kwenye mfereji wa jikoni kwao. Maji ya Ondiri huenda kwingine. Huingia Athi, hupita bwawa la Thwake huko Makueni, huwa Galana, kisha Sabaki, ambako visima vya Baricho vinapeleka maji Malindi na Mombasa. Anayekatazwa kulima yuko Kiambu, anayechafua yuko Nairobi, anayekunywa yuko Pwani.

Kule Rugezi, mwenye taa na mwenye kinamasi walikuwa chini ya serikali moja. Mito ya mipakani haina bahati hiyo: mkataba wa bonde la Nile ulianza kutiwa saini Mei 2010, ukaanza kutumika Oktoba 2024. Kwa hiyo kabla ya kuandaa mkataba wa mboji wa kanda nzima, ningependa kuona kaunti za bonde la Athi zikikubaliana juu ya tozo moja ndogo kwenye maji ya Thwake na Baricho, ipande hadi Kikuyu kumfidia mkulima anayekiachia kinamasi maji yake.

Mkulima wa Kikuyu hahitaji semina ya kilimo cha majini, yaani cha mazao yanayokua kinamasi kikiwa na maji yake. Nduma zimelimwa kwenye mabonde hayo tangu enzi za bibi zake. Anachotaka kujua ni kama nduma pamoja na fidia zitafikia pesa za sukumawiki anayoipeleka soko la Wakulima alfajiri. Hesabu hiyo ningeianza leo, hata kabla ya kuchapisha bango la mkutano wa kwanza.