Kegi ya lita 19 au ya lita 5? Kwa Dodoma, ulizia gesi kwanza

Anayepika bia yake nyumbani akichoka kuosha chupa arobaini kila awamu, huanza kutamani bomba. Njia kuu ni mbili, zote za kegi, yaani pipa la bia la chuma: kegi ndogo ya lita 5 inayosukumwa na kichupa cha gesi cha gramu 16, au kegi ya lita 19 yenye mtungi wa kabonidayoksaidi, regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi itokayo mtungini) na friza. Zile mashine za mezani za kumimina bia zilizotengenezewa soko la Marekani ziacheni huko: ni za volti 120 na hezi 60, na transfoma hubadilisha volti tu, si hezi.

Wanaoitetea ndogo wana hoja. Inaingia kwenye friji ileile ya mboga, haihitaji fundi, na ukialikwa Kondoa au Mpwapwa unaibeba tu. Shida ni hesabu ya gesi. Bia ya kawaida hubeba karibu gramu 5 za kabonidayoksaidi kwa lita. Kiasi fulani hubaki humo tangu kuchachuka, lakini kujazia pengo na kisha kusukuma lita 5 zote zitoke kunazidi gramu 16. Vichupa vyenyewe si vya kuokota duka la jirani.

Kwa hiyo mwenye kegi ndogo aiachie hamira kazi ya kutia gesi: gramu 25 za sukari zichemshwe kwa maji kidogo, zipoe, ziingie na bia, kegi ifungwe siku 10 hadi 14 kwenye joto la chumba, kisha siku mbili kwenye friji. Kichupa kibaki cha kusukuma tu. Glasi ya kwanza itatoka na mashapo, imwageni. Na msinunue kegi isiyo na vali ya kupunguza presha, maana bia iliyofungiwa kabla haijamaliza kuchachuka haina adabu.

Kegi ya lita 19, kuitia gesi na kuimimina yote, hula gramu 130 hadi 150. Mtungi wa kilo 2.3 basi huhudumia kegi zaidi ya kumi, mradi hakuna panapovuja. Mara nyingi panapovuja ni kwenye oringi, yaani pete ya mpira, ya kifuniko. Kazeni kifuniko kwa kupandisha presha hadi psi 30 (psi ni kipimo cha presha), pakeni maji ya sabuni, tazameni mapovu, ndipo mshushe. Usiku mmoja wa uvujaji unamaliza mtungi.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni atakayeujaza mtungi, na mumuulize kama gesi yake inafaa kwa vinywaji. Nati ya regyuleta ya Marekani (CGA 320) haikubali mtungi wenye nyuzi za skrubu za Ulaya za W21.8 bila adapta. Mtungi wa kuzimia moto usiguswe: ndani una bomba linalofika chini, hivyo hutoa gesi ikiwa kimiminika, na regyuleta haikutengenezwa kwa hilo. Geji ya mtungi nayo haisemi kilichobaki, kwa hiyo pimeni kwa mizani na mtoe uzito mtupu uliogongwa shingoni. Joto likipita nyuzi 31 za selsiasi, jambo la kawaida hapa mwezi Novemba, presha ndani ya mtungi hupanda haraka. Usijazwe kupita kiasi, wala usiachwe kwenye buti la gari juani.

Kuna jambo ambalo majedwali ya presha, yale yanayosema presha ya kutia gesi kwa kila joto la bia, hayamwambii mtu wa Dodoma. Yameandikwa kwa usawa wa bahari, na mji huu uko mita 1,100 na ushee. Jedwali likisema psi 12 kwa nyuzi 4, hapa wekeni karibu 14 na muache siku saba hadi kumi. Presha hiyo ya ziada ndiyo pia inayosukuma bia bombani, kwa hiyo mpira uwe mrefu: mita 3 za kipenyo cha ndani cha milimita 4.8. Mkiweka kipande kifupi cha mpira wa dukani wenye tundu pana, mtapata nusu glasi ya povu na kulaumu hamira bure.

Anayepika lita 5 hadi 10 kwa mwezi hana sababu ya kununua friza. Anayepika lita 20 na ana wageni kila wikiendi, vichupa vitamfilisi. Katikati kuna kegi ndogo zenye kichwa kinachopokea viungio vya kegi kubwa, na hizo ndizo ningeanza nazo: gesi mnaitoa mtungini, na siku mkihamia lita 19, regyuleta na mpira ni vilevile.

Friza iwe ya kufungukia juu. Umeme ukikatika, baridi haimwagiki mlango ukifunguliwa. Kihisio cha themostati kifungwe kwa utepe ubavuni mwa kegi na kufunikwa na kipande cha sponji, kiwekwe nyuzi 4. Kikiachwa kinaning'inia hewani, friza itawaka na kuzima kutwa nzima.